Siku Mwenye Nyumba wa Lisbon Alipotuhesabu

Naanza kwa kukiri, maana nisipokiri mimi watakiri wengine kwa niaba yangu, na wao wana vidio: ni mimi niliyeikosesha familia yangu nyumba nzuri ya bei nafuu katika mtaa wa heshima katikati ya Lisbon, na niliikosesha mbele ya watu ishirini na sita waliokuwa wametoka kula wali wa Ijumaa, nikiwa nimesimama pembeni ya televisheni sijui mikono yangu niiweke wapi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu skulini kwetu Nizwa, Oman, hakuna msichana mwingine anayekisoma, kwa hivyo humu naweza kusema kila kitu.

Kwanza mnijue. Jina langu Rahma, niko darasa la kumi na mbili, na tunakaa Firq, pembeni ya mji, upande wa nyuma ya magereji, ambako ukifungua dirisha asubuhi unasikia nyundo kabla hujasikia ndege. Bibi yangu, mama yake Baba, alizaliwa Unguja na akaletwa Oman akiwa msichana, na Kiswahili tunachosema nyumbani ni chake, Kiarabu tunakitumia tukishavuka mlango. Mimi ni mtu wa haya. Sisemi haya ya kupendeza, ya kuinamisha macho watu wakakusifu umelelewa vizuri, nasema haya ya kuiacha simu ilie mpaka ichoke yenyewe. Dukani nanong'ona. Mara moja muuza mikate alinipa mikate kumi badala ya miwili na nikaondoka nayo yote kumi kwa kuona tabu kumrudishia (tukala mikate siku tatu, Mama akidhani nina njaa).

Sasa, Baba anafanya kazi ofisi ya serikali Izki, na mwaka huu alipata likizo ndefu, akaona tiketi rahisi za kwenda Lisbon, akazikata tano: yeye, Mama, Bibi, mimi na mdogo wangu Samira. Pa kulala hakutafuta. Jioni moja alinikuta jikoni, akaweka mezani fomu yangu ya dahalia, ile ya kukaa na wasichana wenzangu Maskati mwakani nikianza masomo ya juu, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye mswala wake makusudi ili nisilazimike kumwomba kwa mdomo.

"Hii nimeiona," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Maskati utakaa na watu usiowajua. Juzi mtu wa gesi kapiga simu, umempa simu bibi yako."

"Ndiyo, Baba."

"Na Bibi alikuwa anasali."

Nikafungua friji, nikaifunga.

"Basi sikiliza. Tutafutie pa kulala Lisbon. Mtaa wa heshima, bei ya kadiri, bibi yako asipande ngazi. Na uzungumze nao wewe mwenyewe, siyo mimi, siyo mama yako. Ukiweza hilo, natia saini. Ukishindwa, chuo kipo hapa hapa Nizwa na kitanda chako unacho."

Kwa hivyo mjue kwamba mimi sikuwa natafuta hoteli. Nilikuwa natafuta ile saini.

Nilitafuta wiki mbili, mpaka nikawa naijua Lisbon kuliko Nizwa. Mitaa ya chini, iliyo tambarare, ilikuwa mizuri lakini bei yake ni ya watu wengine. Mtaa wa Alfama nikaupenda khasa kwa picha, nguo zimeanikwa madirishani na vigae vya buluu ukutani, lakini nilipozikuza zile picha moja moja nikaona kila moja ina ngazi, hata picha ya paka ina ngazi, na wageni waliowahi kulala huko wameandika kwamba muziki wa mikahawani hauwaachi watu kulala. Karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na hoteli rahisi, ila siku nzima ingeishia kwenye treni na Bibi angeuliza kwa nini tumekuja mji mmoja tukakaa mwingine. Mwisho nikafika Mouraria, mtaa wa zamani chini ya ngome, ambako wanasema ndiko Waislamu walikosukumwa kukaa baada ya mji kutekwa, na leo una maduka ya Wabangali, nyama ya halali, na pa kusali unafika kwa miguu. Humo, mwanzo kabisa wa mtaa kabla mlima haujaanza, kulikuwa na nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Bi Lurdes: chini, haina ngazi, vyumba viwili na jiko, bei nusu ya ile ya mitaa ya chini, na kwenye picha ya choo, pembeni ya ukuta, ulionekana mpira wa maji wa kujisafishia. Huo mpira nimeuandika daftarini kwa herufi kubwa, maana Mama alishatangaza kwamba hoteli isiyo na mpira wa maji chooni yeye haihesabu kuwa hoteli.

Nikamwandikia Bi Lurdes kwa Kiingereza (kuandika sioni haya, hata kwa Waziri naweza kuandika) kwamba sisi ni familia ya watu watano, watulivu. Akajibu kwa adabu kwamba jengo lake lina wazee, hataki kelele, watu watano ni watano, na kwa kuwa waliwahi kuja wanne wakawa tisa, yeye siku hizi hathibitishi mpaka amwone mgeni kwa simu ya vidio. Akanipa nafasi mbili nichague: Alkhamisi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, au Ijumaa saa nane mchana.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Kosa lenyewe dogo kama punje. Alkhamisi jioni nyumba yetu haina mtu, Bibi anakwenda darasa lake la Kurani na Mama anamfuata, ningekaa na simu yangu dakika kumi, nikaonesha uso, nikasema tuko watano, mambo yakaisha. Lakini nilipofikiri kwamba nitakuwa peke yangu na uso wa mtu nisiyemjua, nikaona siwezi. Ijumaa, nikajiambia, atakuwepo Asya. Asya ni binti wa Ami Salum, kaka yake Baba anayekaa Ibra, amesoma Uingereza, Kiingereza anakimwaga kama maji, na kila Ijumaa wanakuja kwetu kula. Nitakaa ubavuni mwake na yeye atasema. (Baba alisema siyo yeye, siyo Mama. Asya hakutajwa. Hivyo ndivyo nilivyojihesabia haki.) Nikachagua Ijumaa.

Asya hakuja. Mwanawe alikuwa na homa. Waliokuja ni wengine wote: Ami Salum na mkewe na wanawe, shangazi wawili wa Sur na watoto wao, na majirani ambao kila Ijumaa wanaaga na hawaondoki. Saa nane kasoro dakika tano watu ndio wananawa mikono. Nikajipenyeza chumbani na simu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikisoma kila sura ninayoijua. Mlango ukafunguliwa. Ni Bibi.

"Wafanya nini humu?"

"Yule mama mwenye nyumba wa Lisbon anapiga sasa hivi, Bibi."

"Na wewe wampokea chumbani? Mgeni hapokelewi chumbani, mwanangu. Atatuonaje?"

"Bibi, si mgeni, ni simu."

"Uso wake utaonekana?"

"Ndiyo."

"Basi ni mgeni. Mlete sebuleni, mtie kwenye televisheni, tumwone sote."

Nilimtazama Baba, aliyekuwa amefika mlangoni nyuma yake, nikitumai atanitetea. Baba alisema tu, "Mradi uzungumze wewe."

Nikaunganisha simu na televisheni, nikaisimamisha juu ya meza ndogo ili itutazame, na simu ikaita hapo hapo, saa ile ile aliyoisema, na uso wa Bi Lurdes ukatokea ukutani mkubwa kama mlango, mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, nyuma yake jiko safi. Watu wote waliokaa wakasimama. Mnajua kwetu mgeni akiingia tunasimama, hilo halina mjadala, lakini yeye hajui, yeye aliona tu sebule tupu (tulikuwa tumekaa chini, kwenye mazulia, kamera haituoni) halafu ghafla imejaa watu wanaoinuka kutoka ardhini.

Kisha wakaanza kumsalimia. Mmoja mmoja. Hilo nalo halina mjadala. Kila mtu alisogea mbele ya simu, mkono kifuani, akamuuliza hali yake, afya yake, watu wake, khabari za huko, wengine kwa Kiarabu, wengine kwa Kiswahili, Ami Salum kwa Kiingereza cha kukaribisha karibisha, na kwa sababu aliyetangulia kuuliza hali hazuii wa pili kuuliza hali, Bi Lurdes aliulizwa afya yake kwa lugha tatu na watu ishirini na kitu. Mwanzo alikuwa anajibu. Baadaye nikaona midomo yake inatikisika kidogo kidogo, haitoi sauti, na kidole chake kinagonga meza. Alikuwa anatuhesabu.

Bibi alimaliza foleni. Akamimina kahawa, akaweka finjani mbele ya simu, na kisahani cha tende.

"Mwambie akunjue uso, ale tende."

"Bibi anakukaribisha tende," nilisema kwa Kiingereza, na hayo yakawa maneno yangu ya kwanza kabisa kwa yule mama.

"Ahsante," alisema. "Wewe ndiye Rahma? Hawa ni nani?"

"Familia yangu."

"Uliniandikia familia yako ni watu watano."

"Ndiyo. Ni watano."

Akaisogelea kamera. Nyuma yangu kulikuwa na shangazi wa Sur na mtoto begani.

"Kasemaje?" Ami Salum akauliza. Nikamwambia anauliza tuko wangapi tunaokwenda, nyumba yake ni ya watu watano.

Sasa inabidi niwaeleze kitu, msije mkamwona Ami Salum hana akili. Sisi tukienda mapumziko tunakodi zile nyumba za mlimani Jabal Akhdhar au za pwani, istiraha tunaziita, mwenye nyumba anakupa ufunguo na hesabu ya watu haimhusu, mkija watano mkija thalathini bei ni ile ile, godoro zinatandikwa mpaka ukumbini, na mkiwa wachache ndio anawaonea huruma. Ami Salum hajawahi kulala mahali kwa namna nyingine yoyote. Kwa hivyo aliuliza kwa moyo safi:

"Sasa nyumba si mmeikodi? Nyumba ni nyumba. Vyumba viwili na ukumbi, tukitandika chini tunaenea. Baba Rahma, kwani tiketi hizo bado zipo?"

"Zipo," alisema Baba, kwa sauti ya mtu aliyejuta kabla hajamaliza neno.

"Basi nani anakwenda Ureno? Nyoosheni mikono tujue."

Mikono ikanyooshwa. Kumi na minne niliihesabu mimi (watu kumi na watatu, maana Ami Salum alinyoosha yote miwili). Haikuhitaji tafsiri. Bi Lurdes alivaa miwani.

"Rahma," alisema taratibu, "kwa nini wananyoosha mikono?"

Hapa ndipo mtu mwenye ulimi angesema neno moja la kuokoa. Angesema wanacheza. Angesema wanaaga. Mimi, kichwani mwangu hakukuwa na kitu isipokuwa amri moja, kwamba mimi ndiye mkalimani na mkalimani husema yaliyosemwa, nikamjibu yaliyosemwa: kwamba wanataka kuja na wao, na kwamba hawana shida ya vitanda, watalala chini.

"Chini wapi?"

Nikamuuliza Ami.

"Ukumbini. Na jikoni kama pana nafasi."

Nikasema ukumbini, na jikoni.

Ami Salum akaona uso wa mama umekaza, akataka kuulainisha, na yeye akitaka kulainisha jambo hutia mzaha. "Mwambie hivi, Rahma. Mwambie Wareno walipokuja Maskati walikaa miaka mia na zaidi, na sisi hatukuwauliza mko wangapi."

Sebule nzima ikacheka. Baba alisema, "Rahma, hilo usi—" lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza sentensi ya Kiingereza lazima niimalize, nikiikata katikati siwezi kuanza tena. Nikaimalizia vizuri kabisa. Nadhani ndiyo sentensi niliyoisema bila kigugumizi kuliko zote maishani mwangu.

Bi Lurdes hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Aliitazama ile finjani mbele ya simu, akasema, "Samahani sana, binti. Nyumba yangu ni ya watu watano," akaagana na mimi kwa jina, na uso wake ukatoka ukutani. Sekunde kumi baadaye, kwa kuwa simu ilikuwa bado imeungana na televisheni, ujumbe ukaingia na kukaa pale juu, herufi kubwa kama za tangazo la barabarani, kwamba ombi letu limekataliwa.

"Tuliwatoa Maskati," alisema Ami Salum, "wao wametutoa Lisbon na hatujafika." Wakacheka tena.

Bibi hasomi Kiingereza. "Anasemaje mama wa watu?"

Watu wote wakanitazama mimi.

"Anatutakia safari njema, Bibi."

Baba alikuwa ameisoma.  Alizima televisheni kwa rimoti, akaenda mlangoni kupanga viatu vya wageni ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Jumapili, ambayo kwetu ndiyo siku ya kwanza ya masomo, nilipoingia lango la skuli, wasichana watatu wa darasa langu walininyooshea mikono. Mmoja wa watoto wa shangazi alikuwa amerekodi, akaitia kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo lina mtu mmoja ambaye dada yake anasoma na mimi. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nanyooshewa mikono hata na watu wa darasa la saba. Sikulia. Nilikwenda maktaba nikakaa nyuma ya kamusi.

Jioni ile Baba alinichukua kunipitisha gereji, AC ya gari ilikuwa inahitaji gesi. Akashuka kuzungumza na fundi, mimi nikabaki ndani. Nikahesabu: tiketi zipo, safari ni mwezi ujao, pa kulala hakuna, na fomu iko kwenye droo ya Baba haina saini. Nikafikiri nimeshadhalilika mbele ya mtu huyu kwa kiasi ambacho hakiwezi kuzidi, basi kilichobakia cha kumwonea haya ni kipi? Nikampigia Bi Lurdes. 

"Mimi ni Rahma wa juzi," nilisema. "Niko peke yangu. Tuko watano."

 Nyuma yangu fundi anagonga chuma.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Gereji."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Nyumbani. Hayumo garini, naapa. Hamna mtu."

Akacheka kidogo. Kisha akaniambia ukweli, kwamba nyumba ameshawapa mume na mke waliotangulia kumwandikia, na hawezi kuwanyang'anya. Nikasema naelewa. Nikamwomba radhi kwa lile neno la Maskati, nikamwambia Ami yangu si mtu mbaya, ni mtu wa Ijumaa. Akasema mwaka mzima hajaulizwa afya yake na watu wengi kiasi kile, na baada ya kukata simu alikwenda kununua tende. Halafu akanipa namba ya rafiki yake mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Arroios, mbele kidogo ya pale, tambarare, bei karibu sawa, chini vilevile. "Na yeye atataka kukuona," alisema. "Mpigie kutoka hapo hapo ulipo." Nikampigia kutoka hapo hapo nilipo. Akaona uso wangu na kiti cha gari, akaridhika. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata fundi aliisikia, kama chooni kuna mpira wa maji. Upo.

Baba aliporudi nikamweleza yote, hata ile safari njema niliyomtungia Bibi. Alisikiliza ameshika usukani.

"Fomu nitatia saini," alisema. "Lakini bibi yako umwambie mwenyewe. Mbele ya wale wale waliokusikia."

Kwa hivyo Ijumaa iliyofuata, wali ukiwa umeliwa na Ami Salum yuko katikati ya kisa, nilisimama. Nilisema, "Shikamoo Bibi, yule mama hakututakia safari njema. Alitukatalia nyumba. Nilikudanganya." Nimeamkia mtu niliyeshinda naye tangu asubuhi, hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Bibi hakuacha kumenya chungwa lake.

"Marahaba. Nilijua," alisema. "Mtu anayekutakia safari njema havai miwani kwanza. Nilikungoja wewe uniambie, nikasema nikimwuliza huyu atazidi kujificha. Haya, kaa, kula chungwa."

Nikakaa. Watu wakaendelea kuzungumza kana kwamba nimesema kumekucha, na mimi nikala chungwa lile lote bila kulisikia ladha.

Fomu imeshakwenda Maskati. Nami nimejiwekea sharti langu, nimeliandika hapa ili nisije nikalikana: jambo lolote la kuzungumza na mtu nisiyemjua nitalizungumza siku ya kazi, nimefunga mlango, peke yangu, maana kuona haya mbele ya mtu mmoja ni nafuu mara ishirini na sita. Safari ni wiki tatu kutoka leo. Nyumba ya Arroios ni ya watu watano, na tunakwenda watano. Asubuhi hii Ami Salum amempigia Baba akamuuliza paspoti hutengenezwa kwa siku ngapi.